Pikipiki ya Padre

Zilibaki siku tatu kabla ya mashindano ya pikipiki za zamani kwenye vilima vya Mapera, na Sixtus alikuwa bado hajachagua. Ya bluu ilikuwa nyepesi, ila ilikohoa mlimani. Akajaribu nyekundu, iliyoachwa parokiani na padre mzee alipostaafu.

Teke moja tu, ikaitika. Ikapanda kilima katikati ya mibuni kama mbuzi aliyeona mahindi, tangi lake lililobonyea likimtetemesha magoti. "Ni hii hii!" akapaza sauti ndani ya helmeti iliyomfunika uso mzima.

Kwenye kona, mama mmoja akatoka mbio shambani, akapiga magoti katikati ya njia. Sixtus akakanyaga breki. Alikuwa mama mkwe wake.

"Nimeujua mlio wako, Baba Padre! Umerudi! Nibariki, nimekosa."

Sixtus alitaka kuvua helmeti, mkono ukagoma.

"Namchukia mkwe wangu," mama akaendelea, ameinamisha kichwa. "Mvivu, anashinda na mapikipiki. Kila akija kula namfichia mapaja ya kuku, nampa shingo."

Miaka minne ya shingo! Sixtus akaikaza sauti mpaka ikawa nzito.

"Malipizi yako, mwanangu: Jumapili mchinjie jogoo mzima."

"Ndiyo, Baba."

Mama akafanya ishara ya msalaba. Alipokuwa anainuka, macho yake yakagota kwenye mabuti ya njano.

"Baba," akauliza taratibu, "na haya mabuti niliyomnunulia mkwe wangu Pasaka, ndiye kakuazima?"