Kidole cha Mwalimu Magembe

"Weka tena, Mwalimu," Nyamizi, mkufunzi wa mafunzo ya vishkwambi, alisema kwa upole, na Mwalimu Magembe akabonyeza kidole chake kwenye kishkwambi kwa mara ya tisa. Kioo kikaandika kwa herufi nyekundu: Hatambuliki.

Walimu wenzake walikuwa wameshajisajili na sasa walikuwa wakijifunza kufungua somo la kwanza. Yeye alijaribu kidole gumba, akajaribu vya mkono wa kushoto, akavilamba, akavifuta kwenye suruali. Miaka thelathini na minne ya chaki ilikuwa imevisugua vidole hivyo mpaka vikawa laini kama kokoto za mtoni.

"Lakini nipo," alisema. "Si unaniona?"

"Nakuona, Mwalimu. Mfumo ndio haukuoni." Nyamizi aliwahi kuwa mwanafunzi wake wa darasa la kwanza, na sasa hakuweza kumtazama usoni. "Asiyesajiliwa leo anahesabiwa kuwa hakufika. Na asiyefika mafunzoni, muhula ujao hapangiwi darasa."

"Basi niandike kwa mkono."

"Kwa mkono kuna orodha moja tu, Mwalimu."

Nyamizi akaivuta karatasi ya wasiofika, akainama, akaanza kuliandika jina la Mwalimu taratibu, herufi moja moja, kama alivyomfundisha. Alipofika kwenye g, akaukatisha mkia.

"Umalizie," alisema Mwalimu Magembe, kwa sauti ile ile ya darasa la kwanza.

Nyamizi akaushusha mkia, mrefu, ukipinda kushoto, mpaka ukagusa mstari wa chini.