Ploti ya Kulaza Watu

Peris alikuwa hajatua hata debe la unga alipoanza. "Baba Elsie, umesikia? Wakesho ananunua ploti."

Zephaniah aliacha sima yake pale pale. "Wakesho yupi? Wa Mwandawiro?"

"Ndiye huyo. Amesema kwenye mashine ya kusaga, watu wote wakisikia. Ni ile ploti ya Mzee Maundu, ng'ambo ya reli. Anasema mumewe amechoka, anamtafutia pa kumlaza."

Wakesho hakuwa mtu wa kuanika mambo yake. Hata bei ya kuku wake ungeisikia siku ya kununua tu. Lakini Zephaniah hakulifikiria hilo, maana chuki ikishakaa kitako moyoni haiachi nafasi ya maswali.

Na yake ilikuwa imekaa miaka. Huko Bura, mbele ya baraza zima, Mwandawiro alisimama akasema amemwona Zephaniah kwa macho yake akisogeza mawe ya mpaka. Watu walicheka. Watoto wakamtungia jina, Msogeza Mawe, na jina likashuka naye mlimani mpaka Voi. Tangu hapo Zephaniah alikuwa na kazi moja duniani. Alimwendea ndugu wa Mwandawiro, mlevi wa denge, akanunua kwake shamba lote la ukoo, Mwandawiro asibakiwe na pa kupanda mgomba. Masikini akaenda kukata mkonge, vumbi likamjaa kifuani, na sasa alikuwa amepanga chumba nyuma ya stesheni, anakohoa.

"Leo anataka ploti?" Zephaniah alisema. "Mimi nikiwa hai, Mwandawiro hapati hata pa kulala."

Asubuhi alikuwa kwa Mzee Maundu kabla jua halijachomoza. Maundu alikuwa Mkamba, mnyapara mstaafu wa reli. Alimpeleka kuiona ploti: vichaka vya miiba, udongo mwekundu, na vigingi vinne vya saruji kwenye pembe.

"Niliiomba kwa ajili ya watu wangu wa reli," Maundu alisema. "Watu wa mbali, hapa hawana kwao. Nilitaka wapate pa kulala. Sasa hata nguvu ya kufyeka sina."

Zephaniah akaanza kuiona nyumba ya wageni. Abiria wa gari moshi la Taveta wanaosinzia juu ya mizigo yao stesheni, wote watakuja kulala kwake. Kisasi na biashara katika chungu kimoja, nani angekataa?

"Mzee, umeuza."

"Lakini yule mama ametangulia kuniuliza."

"Chochote atakachotoa yeye, mimi naongeza juu."

Wakaenda ofisi ya mji. Karani, kijana wa Kitaita aitwaye Gibson, alisoma masharti kwa Kiingereza, marefu, na Zephaniah akaitikia kwa kichwa kila sauti iliposhuka. Siku zote alijigamba kwamba alisoma kwa mapadre, na mtu aliyejigamba hivyo ataulizaje tena kwa Kiswahili?

"Nikufafanulie, mzee?" Gibson akauliza.

"Kwani mimi nilichunga mbuzi tu?"

"Basi kwa ufupi, nisije nikalaumiwa. Ardhi ya mji hugawanywa kwa kazi. Kuna ya maduka, kuna ya nyumba, kuna ya viwanda. Hii ni ya kulaza watu peke yake. Waislamu upande wao, Wakristo upande wao. Yeyote wa mji huu akiletwa, huwezi kumkataa. Na kufyeka na kuweka ua ni juu yako maisha yako yote. Ukitaka, uende kwanza ukafikirie."

"Lete kalamu."

Mlangoni alikutana na Wakesho, khanga begani, anangoja zamu yake.

"Umeniwahi, shemeji," Wakesho akasema polepole.

"Mwambie Mwandawiro ploti imepata mwenyewe."

"Nitamwambia." Alikuwa ameinamisha uso, na Zephaniah akajua analia. Siku hiyo alikula sima sahani mbili.

Hakuchelewa. Alimwita fundi Danson, akaleta mawe kwa mkokoteni, akafyeka upande wa barabarani. Mtaro wa kwanza wa msingi ulipofika magotini, Danson alitaka kusimama.

"Shuka chini," Zephaniah akamwambia. "Hii nyumba nataka iwazike wote walionicheka."

Mtaro ulikuwa umefika kifuani waliposikia wimbo wa kanisa ukivuka reli. Watu walikuja wengi, polepole. Gibson alikuwamo, na Mzee Maundu, kofia mkononi. Mbele yao wanaume wanne walibeba kitu kirefu mabegani. Danson alitoka mtaroni, akajipangusa udongo, akavua kofia yake.

"Hapa ni kwangu," Zephaniah akasema. "Gibson, waambie. Hapa ni kwangu."

Gibson alikiangalia kigingi cha saruji. "Ni kwako, mzee. Ndiyo maana tumekuja."

Wakesho alisimama ukingoni. Aliupima mtaro kwa macho, urefu wake na kina chake, kisha akamtazama Zephaniah. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Ujumbe wako nilimfikishia, shemeji. Alicheka mpaka pumzi ikamwisha. Haya, mpokee mgeni wako wa kwanza, na majani usiyaache yakamfunika."