Mtafiti Jikoni kwa Chausiku

Siku hizi shirika la utafiti wa tiba haliruhusiwi kuchangisha tena mpaka mtafiti wake aende nyumbani kwa mchangiaji mmoja, aeleze fedha zilivyotumika, na mchangiaji huyo aamue kwa niaba ya wote kama liendelee. Mwaka huu kura ilimwangukia Chausiku, muuza vitumbua wa Muheza, ambaye binti yake Zaina ana selimundu, ugonjwa wa damu unaoumiza viungo.

Mtafiti, Dakta Mbwiga, alikaa kwenye kigoda jikoni, chai ikimpolea mkononi.

"Dawa tuliyoichangishia imeshindwa, mama," alisema. "Miaka minne yote."

Chausiku alizima jiko. Alitamani kumfukuza. "Sasa mnajua nini ambacho hamkukijua?"

"Tunajua kwa nini imeshindwa. Na ipo nyingine, imeanza kuonyesha dalili njema maabarani."

"Itamwahi huyu?"

Daktari alimtazama Zaina, aliyekuwa akijikanda magoti. "Siwezi kuahidi."

Angaliahidi, Chausiku angalikataa. Alibonyeza dole gumba kwenye kifaa cha daktari cha kutolea idhini, na shirika likapata mwaka mwingine wa kuchangisha.

Zaina akamsogezea mgeni sahani ya vitumbua. "Mwakani njoo utuambie," alisema, "hata kama ni mabaya."