Mapigo ya Baba wa Bibi Harusi

Kitwana alisimama katikati ya uwanja, siku ya harusi ya binti yake, na miguu ikagoma. Moyo ulikuwa umemlaza mwaka mzima. Daktari alishamruhusu kucheza, lakini bado aliogopa. Mkono wa kushoto alivaa saa janja ya kupima mapigo, wa kulia mkanda wa kuhesabu hatua. Alitazama huku, akatazama kule.

Katika mji ule, hakuna anayecheza kabla baba wa bibi harusi hajafungua ngoma. Wageni wakaanza kuguna.

Mkewe, Mwanajuma, akamfuata. "Baba Salha, unacheza na sisi au na hivyo vidude?"

"Moyo ukienda mbio je?"

"Si ulienda mbio siku uliponioa? Ulikufa?"

Uwanja mzima ukacheka. Mwanajuma akamvua vyote viwili, akavifunga kwenye kamba za ngoma, kisha akamshika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa.

"Haya, twende. Ukizidi nitakwambia."

Ngoma ikalia. Kitwana akainua mguu, vigelegele vikapasuka. Pale kwenye ngoma mkanda ulikuwa unawaka, unahesabu midundo kana kwamba ni hatua, na Mwanajuma alicheza bila kuuachia ule mshipa.