Mzee Mwenye Daftari Jekundu

Abeli alipompiga yule mzee picha ya thelathini na mbili ndipo akakumbuka kwamba ukumbini kulikuwa pia na bibi harusi.

Akageuka mbio. Emiliana, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesimama mbele ya keki, kisu mkononi, anamsubiri yeye. Cornel, bwana harusi, naye anasubiri. MC alishahesabu moja mpaka tatu mara mbili.

"Samahanini, maharusi. Haya, kateni!"

Jamani, msimlaumu bure. Abeli alikuwa akiomba kujiunga na Umoja wa wapiga picha za harusi wa Dodoma, na mara mbili alishaanguka mtihani. Bila kitambulisho cha Umoja, kumbi zote za maana hapa mjini huingii na kamera. Utabaki Area D unapiga picha za pasipoti, unabembeleza watu wakae wima. Na ukianguka mara ya tatu, Umoja hawakupokei tena maishani.

Mwenyekiti wao, Mzee Kamrudin, alikuwa amemwita studio kwake siku chache kabla.

"Jumamosi, Ipagala. Harusi hii wanachama wote kumi na saba wanaigombea. Nikimpa mmoja, waliobaki wataninunia mwaka mzima. Basi chukua wewe, iwe ndiyo mtihani wako."

"Asante sana, mzee wangu. Msahihishaji ni nani?"

"Mtu wetu wa Kondoa, humjui. Atakuwa humo humo ukumbini, anakuangalia tangu mwanzo mpaka mwisho." Mzee Kamrudin akacheka peke yake. "Ana jicho huyo! We kosea tu, utaona."

Basi Abeli aliingia ukumbini akimtafuta mtu mwenye jicho, wala hakuhangaika. Meza ya mbele alikaa mzee mmoja wa koti la kahawia. Haongei na mtu, macho yanazunguka ukumbi mzima, daftari jekundu liko gotini. Kila baada ya muda anaandika. Kama huyo si msahihishaji, ni nani tena?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Ndafu inaingia saa ngapi?"

Abeli moyo ukamruka. Ndiyo maswali yenyewe hayo! Mpigapicha wa kweli lazima aijue ratiba, mpaka saa ya mbuzi wa kuchoma kuingia.

"Baada ya keki tu, mzee. Mimi nitasimama kushoto, taa yangu kulia."

"Vizuri sana," alisema mzee, akaandika.

Toka hapo ikawa kazi. Abeli alimletea maji, akamletea soda, akamhamishia kwenye kiti chenye mto. Akampiga akicheka, akampiga akitafuna, akampiga akiwaza. Nani asiyependa picha yake nzuri?

Aliyemchosha ni bibi harusi. Hakutulia hata kidogo!

"Kaka, dirisha liko nyuma yangu. Sura yangu itatoka nyeusi tii."

"Dada, wewe pendeza tu. Mambo ya dirisha niachie mwenyewe."

Haikupita muda. "Kaka, mama yangu analia pale. Utamkosa."

"Bibi harusi! Kazi yako leo ni kuolewa, basi!"

Emiliana alimtazama, kisha akatabasamu, lile tabasamu ambalo waume za watu wanalijua vizuri. Cornel aliliona, akainamisha kichwa. Abeli hakuliona, maana alikuwa anamnyooshea mzee kola ya koti.

Mzee alipoinuka kwenda kujipakulia chakula kwa mara ya tatu, daftari lilibaki wazi kitini. Abeli akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akachungulia. "Ipagala, Jumamosi," na mbele yake alama mbili za vema. Chini yake, "Area D, Jumapili," bado hakuna alama yoyote.

Vema mbili! Na kumbe kuna mwenzake wa Area D atapimwa kesho, masikini, hana hili wala lile. Abeli alitoka nje, kwenye upepo na vumbi, akampigia simu mkewe.

"Jenifa, nimepita! Nimeona kwa macho yangu!"

"Acha utani!"

"Vema mbili, mama! Na chakula bado hakijaisha!"

Jumatano jioni Umoja ulikutana studio kwa Mzee Kamrudin. Wanachama walikaa kwenye viti vya plastiki, Abeli mbele yao, tai imemkaba shingo. Furaha ilimjaa mpaka miguu ikawa haitulii. Kila mlango ulipolia aligeuka kumtazamia mzee wake wa koti la kahawia.

"Tuanze kuangalia," alisema Mzee Kamrudin. "Msahihishaji yuko njiani."

Picha zikaanza kupita ukutani. Mzee anacheka. Mzee anatafuna. Mzee anawaza. Maharusi na keki, wamechoka kusubiri. Mama wa bibi harusi, kisogo. Bibi harusi dirishani, mweusi tii. Mzee tena, na soda. Wanachama walianza kukohoa mmoja mmoja, na Mzee Kamrudin akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia ni Emiliana, pete mpya kidoleni na kamera yake begani. Akawaamkia wakubwa, akaketi kwenye kiti cha msahihishaji, akachomoa fomu ya mtihani kwenye mkoba.

"Kaka Abeli, maksi nitakupa, usijali," alisema, akinyooshea kidole picha ya mzee ukutani. "Ila nisaidie kwanza. Kwetu wanasema ni wa ukoo wa Cornel, na kwa kina Cornel wanaapa ni wa kwetu. Huyu mzee ni nani?"