Mchoraji wa Bibi Audrey

Léocadie alishuka ngazi mbio, koleo la mkaa kalinyoosha mbele kama mtu aliyemshika nyoka mkia. Lori la taka lilikuwa bado mlangoni, linanguruma. Akaachia. Ile hirizi ikatua katikati ya maganda ya viazi, na lori likaondoka.

"Kwa jina la Yesu," akasema. Akapanda tena, akanawa mikono kwa chumvi, ingawa hakuwa ameigusa.

Alikuwa ameikuta asubuhi hiyo imening'inia nyuma ya mlango wa chumba walichopanga yeye na Samira wa Tanga, huku ugenini, mtaa wa Malvern. Nywele za mtu, za kahawia, zimesukwa nyembamba. Msusi anazijua nywele. Pale saluni anakosukia, Jules Street, wateja wengi hawakubali zao zifagiliwe. Huzikusanya kwenye mfuko wakaenda nazo, maana nani ajuaye zitafanyiwa nini? Na leo Samira, aliyekula naye sahani moja, kaleta za mtu nyumbani!

Basi akageuka atazame ukuta wa kitandani kwake. Msumari ulikuwa mtupu. Picha haipo.

Ilikuwa picha ndogo, haizidi yai la kuku: mchoraji wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane, kajichora mwenyewe, wigi jeupe, mashavu mekundu, brashi nyembamba kama kope. Ni babu wa mababu wa Bibi Audrey, ajuza ambaye Léocadie humwosha nywele kwenye nyumba ya wazee. Bibi alimpa imo ndani ya kiboksi aipeleke kwa fundi, kipete cha kutundikia kilikuwa kimelegea. "Wewe ndiye ninayekuamini," alimwambia. Jana fundi aliirudisha ndani ya kiboksi kilekile, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatwa tena, Léocadie aliitundika kwa mwanga wa mshumaa. Mchana huu mjukuu wa Bibi anakuja kutoka Midrand kuichukua. Asipoikuta, nani atamwacha tena Mkongomani aguse kichwa cha mzee wake?

Akageuza godoro. Akamwaga unga wa bugali kwenye beseni, akaupitisha vidole. Akapekua mpaka begi la Samira, kanga moja moja. Akarudi msumarini, akaupapasa, kana kwamba picha ingejirudisha yenyewe.

Samira akaingia na sinia lake la sambusa.

"Picha ya mzungu iko wapi? Weye ni mwizi, na tena ni mulozi!"

"Mie mlozi? Dada Léo, umeamkia upande gani leo?" Samira akatua sinia, akacheka. "Yule mzee wa mashavu! Umemtundika upande wa kibla, ananikodolea macho tangu takbira. Ntasali vipi? Alfajiri nikamhamishia nyuma ya mlango, nikamgeuza uso utazame ubao."

Léocadie akageukia mlango.

"Na mgongo wake ulivyo mzuri! Kuna kioo, na ndani yake nywele zimesukwa, labda za mkewe. Nikasema dada Léo ataupenda, kazi ya msusi mwenzake." Samira akausukuma mlango ufungike, amwonyeshe. "Eh! Nani kamtoa?"

Léocadie alikuwa analitazama koleo.