Itikio la Tipoyi

Damu iliyokuwa ikimdondokea Sumaili mguuni tangu mgodini ilikoma walipoanza kuteremka kuelekea Mto Luama. Alikuwa ameshika upande wa nyuma wa tipoyi, machela ya miti. Juu yake amelala mchimba dhahabu aliyepondwa paja na jiwe.

“Damu imekatika, mama,” aliita.

Mke wa majeruhi, aliyetangulia na kibuyu cha maji ya kumnywesha mumewe, alimshukuru Mungu bila kusimama. “Daktari wa Kasongo ataona mutu muzima,” alisema.

Wabebaji wa mbele wakaanza wimbo tena. Kwao ndivyo ilivyo: wabebaji huimba, anayebebwa huitikia, wajue kwamba bado yuko nao. Tangu asubuhi majeruhi alikuwa akiitikia, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Safari hii wimbo ulifika mahali pa itikio, pakawa kimya.

Sumaili aliutazama mkono uliokuwa ukining’inia kando ya tipoyi, ukiyumba kwa kufuata hatua zao. Kisha akaitikia yeye, “Eeh,” kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

Kule mbele, yule mama alisimama. Hakugeuka. Alikishusha kibuyu, akayamwaga maji yote njiani.